Mninga, mvule, mkongo, msaji au mkangazi: mbao ipi kwa kazi ipi

Watu wengi hufika kwa muuza mbao wakiwa wameshaamua jina. "Nataka mninga." Ukiuliza ni wa kazi gani, mmoja atasema mlango wa uani unaopigwa na mvua, mwingine meza ya kulia watu wanane, mwingine rafu za vitabu, mwingine nguzo za kibaraza. Hizo ni kazi nne, kila moja na shida yake, na zote zimebebeshwa jina moja. Mninga ni mti mzuri na anayeupenda hakosei. Tatizo ni kwamba anaweza kulipa pesa nyingi kwa sifa asiyoihitaji, na akaikosa ile anayoihitaji.

Ulinganisho huu ni wa aliyekwama kati ya mbao tano ngumu ambazo mtu wa Tanzania au Kenya anaweza kuzitafuta na kuzipata: mninga, mvule, mkongo, msaji na mkangazi. Mpingo na mfenesi nitawagusa mbele kidogo, kwa kuwa wana kazi zao maalumu.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu majina, maana sokoni yanachanganya. Mninga ni Pterocarpus angolensis. Mvule ni Milicia excelsa. Mkongo ni Afzelia quanzensis, ndio huohuo mbambakofi wa watu wa Lamu na Mombasa. Msaji ni Tectona grandis, na madukani wengi huuita mtiki au tiki. Mkangazi ni Khaya anthotheca, mahogani ya kwetu. Jina "mahogani" likisemwa peke yake usiridhike nalo, kwa sababu mbao yoyote yenye wekundu inaweza kuuzwa kwa jina hilo. Uliza imetoka wapi na wenyeji wa huko wanauitaje mti wenyewe.

Vigezo nilivyotumia ni sita. Cha kwanza ni kucheza kwa mbao, yaani inavimba na kusinyaa kiasi gani majira yakibadilika. Cha pili, inavyostahimili mchwa, mvua na kuoza. Cha tatu, uzito na ugumu. Cha nne, inavyokubali mkono wa fundi: msumeno, randa, gundi, skrubu. Cha tano, sura na umaliziaji. Cha sita, upatikanaji na uhalali wake. Bei sikuipa nafasi yake peke yake kwa sababu hupanda na kushuka kulingana na mkoa, msimu na urefu wa mbao. Mbao ya futi 12 isiyo na kifundo haiuzwi bei ya futi 6, hata kama zimetoka kwenye gogo moja.

Kabla ya jina: moyo wa mti na ukavu

Sifa zote nitakazotaja ni za moyo wa mti, ile sehemu ya ndani yenye rangi. Tabaka jeupe la nje, hata la mninga, hata la mkongo, ni chakula cha wadudu. Ukiona mguu wa kitanda cha mninga umeachwa na ukanda mweupe ubavuni, na ukaambiwa huo ndio urembo wa mbao, ujue kuna siku utafagia na kukuta unga laini umejikusanya chini ya mguu huo. Ukiinama utaona vitobo vidogo, na vyote viko kwenye ule weupe. Sehemu yenye rangi, kando yake tu, itakuwa nzima. Mti hauna kosa hapo. Mpasuaji na fundi ndio waliokataa kutupa kilichopaswa kutupwa.

Ukavu nao una uzito uleule. Nasema hivi bila kusita: afadhali mkangazi mkavu kuliko mninga mbichi. Mbao mbichi hupinda, hujikunja, hupasuka nchani na huachia viungo, hata iwe na jina kubwa kiasi gani. Dukani, chukua mbao mbili za kipimo kimoja na mti mmoja, uzinyanyue moja baada ya nyingine. Iliyo nzito zaidi mara nyingi ndiyo yenye maji. Iangalie kwenye ncha iliyokatwa leo: katikati pakiwa peusi kuliko kingo, ndani bado ni mbichi. Funga jicho moja uitazame mbao kwa urefu wake kama mtu anayelenga, mpindo utauona. Ukipata nafasi ya kuipiga randa, maranda ya mbao kavu huvunjika vidoleni, ya mbao mbichi hujikunja na kuwa baridi mkononi.

Kipimo cha unyevu chenye pini mbili ni kifaa kidogo, na kwa karakana inayotengeneza samani za pesa nyingi nadhani si anasa tena. Karibu asilimia 12 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa samani za ndani. Pwani hewa yenyewe ina unyevu, kwa hiyo mbao hukaa juu ya hapo kidogo. Dodoma wakati wa kiangazi itashuka. Kabati lililotengenezwa Tanga likapelekwa Dodoma litasinyaa hata kama fundi alifanya kila kitu sawasawa. Ndiyo maana mbao ikishanunuliwa ipangwe karakanani kwa vijiti katikati, hewa ipite juu na chini ya kila ubao, ikae hapo kadiri mteja anavyoweza kusubiri.

Kucheza kwa mbao

Hapa mninga unastahili sifa zake zote. Ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana zinapokauka, na ukishatulia umetulia. Droo ya mninga iliyotengenezwa kwa mbao kavu hufunguka masika kama inavyofunguka kiangazi. Kwa kazi yenye vipande vinavyotelezeana kwa nafasi ndogo, kama droo, milango ya kabati na masanduku yenye vifuniko, sijui mti wa kwetu unaoushinda.

Mkongo unafuata kwa karibu sana, na watu wengi hushangaa, kwa kuwa mbao nzito mara nyingi ndizo zinazocheza zaidi. Msaji ni mtulivu pia, ndiyo sababu dunia nzima imeutumia kwenye meli. Mvule hauko mbali nao. Mkangazi ndio unaocheza zaidi katika hawa watano, ingawa ukilinganisha na mkaratusi bado ni mpole.

Mbao hucheza kwa upana. Kwa urefu mabadiliko yake ni madogo mno kukusumbua. Kwa hiyo uso wa meza wenye upana wa futi 3 ukiupigilia skrubu kila upande usijongee, siku ukitaka kusinyaa utajipasua wenyewe katikati. Skrubu zipite kwenye matundu marefu kidogo, au zishikwe kwa vibao vinavyoruhusu uso kusogea. Paneli ya mlango ikae kwenye mfereji wa fremu bila gundi. Fundi anayepaka gundi kwenye mfereji ili "kuimarisha" anautafutia mlango ufa. Kwa mkangazi sharti hili halina msamaha. Kwa mninga unaweza kuponea, lakini kwa nini ujaribu?

Mchwa, mvua na kuoza

Mkongo ndio wa kwanza. Moyo wake mchwa hauwezi, na juani au kwenye mvua unadumu miaka mingi sana. Milango ya nakshi ya pwani inatoa ushahidi: Lamu, mji uliowekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, ina milango ya mbambakofi ambayo imekula chumvi ya bahari kwa vizazi na nakshi bado zinasomeka. Kwa nguzo, kizingiti na fremu ya mlango inayogusa sakafu ya saruji yenye unyevu, ningeanza na mkongo kabla ya mwingine yeyote.

Mvule na msaji wako daraja la juu pia. Mvule umetumika kwa majahazi, milango ya nje na madirisha tangu zamani, na mchwa huuogopa. Msaji una mafuta yake ya asili yanayokataa maji. Lakini hapa lazima niseme jambo la msaji wa siku hizi: miti iliyovunwa ingali michanga ina tabaka jeupe pana, na moyo wake haujakomaa kama wa mti mzee. Ukinunua vimbao vyembamba vya msaji, kagua kila kimoja. Usilipie jina la msaji ukapewa weupe.

Mninga nao unastahimili. Moyo wake hauozi upesi na wadudu hawaupendi, na milango mingi ya nje ya mninga iko imara hadi leo. Mimi huuweka nyuma ya hao watatu kwa kazi ya kugusa ardhi, na pia naona ni hasara kuupeleka huko wakati uzuri wake unaonekana ndani ya nyumba.

Mkangazi usiuweke nje bila paa. Ndani ya nyumba iliyodhibitiwa mchwa hautakusumbua. Ukiugusisha udongo, mchwa wataumaliza.

Uzito na ugumu

Mbao kavu ya mkangazi huwa na uzito wa karibu kilo 540 kwa mita moja ya ujazo. Mninga, mvule na msaji huangukia kati ya kilo 600 na 700, hutofautiana kidogo mti kwa mti. Mkongo hufika karibu 800.

Namba hizi zina maana ukizipeleka kwenye kazi. Chukua mlango wa mbao tupu wa futi 7 kwa futi 3, unene wa inchi 2. Wa mkangazi utakuwa na kilo kama 54, wa mninga kilo 60 na kidogo, wa mkongo unakaribia kilo 80. Mlango wa mkongo ukiutundika kwa bawaba mbili nyepesi za kabati, utalalia kufuli ndani ya muda mfupi na mwenye nyumba atalaumu mbao. Uwekee bawaba nzito tatu au nne, na fremu ishikwe vizuri ukutani. Vivyo hivyo kwa kitanda: cha mkongo ni cha kukaa mahali pamoja. Mpangaji anayehama kila mwaka atakichukia, hata kama kitaishi kuliko yeye.

Kwa uso unaogongwagongwa, kama meza ya mgahawa, ngazi za ndani au sakafu, ugumu wa mkongo una faida ya wazi. Mninga huonyesha alama za kucha na sahani haraka zaidi.

Mkono wa fundi

Mninga ni raha. Unapasulika vizuri, unapokea randa, unashika gundi, unatoboka bila kupasuka, na unachongeka. Vumbi lake lakini linawasha pua na kifua, na wapo mafundi waliopata pumu kwa kulivuta miaka mingi bila kujikinga.

Mkangazi ni mwepesi wa kazi kuliko wote. Nyuzi zake huenda huku na huko kwa mafungu, hivyo randa ikiwa butu itanyofoa vipande, na uso utabaki na manyoya. Kisu kikali, kina kidogo cha randa, kisha msasa wa hatua kwa hatua bila kuruka namba, na utapata uso unaong'aa kwa namna yake. Kwa fundi anayejifunza, huu ndio mti wa kuanzia.

Mvule una siri yake, na aliyekutana nayo haisahau. Ndani ya mti hujijenga mawe: madini ya chokaa yaliyoganda kwenye nyufa na mapengo ya mti ungali hai. Unapasua ubao vizuri, mlio wa msumeno uko sawa, ghafla unageuka kuwa ukelele, cheche zinaruka na meno yamekwisha. Jiwe lenyewe linaweza kuwa dogo kama punje ya mtama au kubwa kuliko kidole. Mara nyingi mbao inayolizunguka huwa nyeusi kuliko kwingine, kwa hiyo kabla ya kupeleka ubao wa mvule kwenye mashine ya randa, utembeze macho na vidole juu yake, na doa lolote jeusi lisiloeleweka ulichokonoe kwa ncha ya patasi. Vumbi la mvule ni kali kwa ngozi, macho na pua. Barakoa si hiari. Nyuzi zake nazo zimepishana, kwa hiyo ushauri wa kisu kikali na kina kidogo unahusu hapa pia.

Msaji huonekana mlaini chini ya randa, kumbe una chembechembe kama mchanga zinazomaliza makali. Utanoa mara nyingi. Mafuta yake husumbua gundi: ukipiga randa leo ukaunga kesho, kiungo kinaweza kuachia. Piga randa, futa kwa kitambaa chenye spiriti au thina, subiri ikauke, unga palepale.

Mkongo unataka nguvu na zana nzima. Msumari bila kutoboa kwanza utapinda au utapasua mbao, na skrubu za shaba huvunjika kichwa zikilazimishwa. Toboa, kisha tangulia na skrubu ya chuma ya kipimo hichohicho, uitoe, ndipo uweke ya shaba. Kuuchonga nakshi ni kazi ya subira, lakini kingo zinazotoka ni kali na hazimomonyoki. Mchongaji asiye na haraka ataupenda.

Sura na umaliziaji

Mninga ndio wenye michirizi inayovutia wengi, kuanzia kahawia ya dhahabu hadi wekundu wa udongo, na ubao mmoja hauwi sawa na mwingine. Hiyo ni neema na ni mtihani: ukitaka meza ya rangi moja kutoka ncha hadi ncha, nunua mbao zote siku moja, kutoka rundo moja, uzipange sakafuni uone zinavyokubaliana kabla ya kuunga. Msaji una kahawia ya dhahabu iliyotulia. Mkangazi huanza na upinki ukaelekea wekundu. Mkongo ni kahawia yenye wekundu na huzidi kukolea.

Mvule hubadilika kuliko wote. Ukitoka kwenye msumeno una umanjano ambao mteja anaweza kuukataa. Baada ya kukutana na mwanga hugeuka kahawia ya kupendeza. Mwambie mteja mapema. Na ukimaliza meza ya mvule, usiweke chombo mahali pamoja siku nyingi za mwanzo, maana chini yake patabaki na duara la rangi ya zamani.

Vanishi ya mafuta huchelewa kukauka juu ya mvule, na msaji pia unaweza kukusumbua hivyo. Futa uso kwa thina kwanza, jaribu kwenye kipande cha pembeni, halafu ndipo upake kazi yenyewe. Mkongo una jambo lake: vitundu vya mbao huwa na unga wa manjano ambao ukilowa hutia rangi kwenye nguo. Kwa hiyo hata kama mkongo hauogopi maji, usiutumie kwa kianikio cha nguo au rafu ya taulo bafuni.

Kwa kazi zote za nje, skrubu na bawaba ziwe zisizoshika kutu. Chuma cha kawaida kikilowa juu ya mbao hizi huacha madoa meusi ambayo msasa hauyafikii.

Kupatikana na uhalali

Mninga na mkongo ni miti ya misitu ya asili, mninga hasa wa miombo ya Tabora, Katavi, Ruvuma na Lindi. Hukua polepole, na mingi mikubwa imeshakatwa. Ndiyo sababu mbao pana zimekuwa adimu. Mvule nao umepungua sana, na mwingi unaouzwa Nairobi hutoka Kongo kupitia Uganda. Mkangazi hutoka misitu ya asili pia.

Msaji ndio pekee katika hawa unaopatikana kwa wingi kutoka mashamba ya kupandwa: Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na bonde la Kilombero ambako kampuni imekuwa ikiupanda tangu miaka ya 1990. Kwa mtu anayejali msitu wa asili ubaki, hii ni sababu ya kutosha kuufikiria msaji hata mahali ambapo moyo wake umeenda kwa mninga. Mimi naiona hoja hii ina nguvu kila mwaka zaidi, na ningependa mafundi wenzangu waizungumze na wateja badala ya kusubiri mbao ziishe.

Tanzania, mbao halali ya msitu wa asili husafiri na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Omba risiti, na uangalie kama muuzaji anaweza kukuonyesha hati ya mzigo. Ukikamatwa njiani na mbao zisizo na karatasi, kusema "nilinunua tu" hakukuokoi.

Anayetaka kupeleka mbao nje, tuseme Oman au Ulaya, ajue kwamba katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyamapori walio hatarini, uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022, miti ya Afrika ya jamii za mninga, mkongo na mkangazi iliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili. Magogo, mbao zilizopasuliwa na plaiwudi zake zinahitaji kibali. Ulizia TFS kabla ya kontena kufungwa.

Mpingo na mfenesi

Mpingo una uzito unaozidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, huzama majini, na miti yake ni mifupi iliyopindapinda. Haumfai anayetaka samani kubwa. Ni mti wa mchongaji wa Kimakonde, wa mtengeneza zumari, wa mpini wa kisu na fimbo ya mzee. Duniani unatafutwa kwa klarineti na oboe. Jamii yake yote iko chini ya CITES tangu Januari 2017. Vijiji vya Kilwa vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha usimamizi mzuri wa misitu, vimeonyesha kwamba unaweza kuvunwa kwa utaratibu na pesa ikabaki kijijini; anayeweza kununua kutoka huko na anunue huko.

Mfenesi unadharauliwa bila haki. Mbao yake ni ya manjano inayogeuka kahawia, inafanyika kirahisi, na Unguja imetumika kwa milango na samani kwa muda mrefu. Ni mti wa shambani: ukiangushwa kwa upepo au uzee, mbao yake ipo mlangoni pako. Kwa viti, masanduku na kabati za kijijini pwani, uuulizie kabla ya kupiga simu mjini.

Kulingana na hali yako

Unajenga na unataka mlango wa mbele unaopigwa na jua na mvua, huna kibaraza. Mkongo kama unaweza kuupata mkavu na ukuta wako unabeba uzito wake. Mvule ukitaka wepesi kidogo na uko tayari kusubiri rangi yake itulie. Kama kuna kibaraza kirefu, mninga utakupa uzuri ambao hao wawili hawana.

Madirisha mengi ya nyumba nzima, bajeti ina mwisho. Msaji uliokomaa, uliokaguliwa ubao kwa ubao, unatosha na unapatikana kwa vipimo vinavyolingana. Usikubali tabaka jeupe kwenye sehemu ya chini ya fremu, ambako maji hukaa.

Meza ya kulia na viti, nyumba ya watu wazima watulivu: mninga. Nyumba ya watoto sita na wageni kila wiki: mkongo kwa uso wa meza, na viti vya mninga au mvule ili mtoto aweze kuvisogeza. Kuchanganya mbao mbili kwenye seti moja si aibu kama rangi zimechaguliwa kwa makusudi.

Makabati ya nguo na jikoni. Kwa fremu na milango, mninga au msaji, kwa sababu hufunguka vilevile mwaka mzima. Kwa rafu za ndani zisizoonekana, mkangazi utakuokolea pesa na uzito. Chini ya sinki usiweke mkangazi.

Kitanda cha mpangaji anayehamahama: mkangazi, viungo vya kufungua kwa boliti. Kitanda cha nyumba yako mwenyewe: wowote katika watano, ilimradi miguu yote ni moyo wa mti.

Vibaraza, pergola (kivuli cha nguzo na boriti), benchi za bustani. Mkongo kwa nguzo zinazogusa chini, mvule au msaji kwa sehemu za kukalia. Ziache bila vanishi zigeuke kijivu, au uzipake mafuta kila mwaka. Vanishi nzito juani hubanduka magamba na kuikwangua yote ni adhabu.

Uko Nairobi au Arusha, hewa ni kavu, na fundi wako anapata mbao kutoka pwani au Kongo. Mti wowote utakaochagua, mpe fundi muda wa kuziacha mbao zikae karakanani kwake. Akisema anaweza kukabidhi meza wiki hiihii kutoka kwenye mbao zilizoshuka jana kwenye lori, tafuta fundi mwingine.

Unaanza ufundi na una pesa ya mbao chache tu. Mkangazi kwa mazoezi ya viungo, kisha mninga kwa kazi ya kwanza ya kuuza. Mkongo na mvule visubiri hadi uwe na uwezo wa kunoa vizuri na barakoa ya kueleweka.

Na kama vigezo vyote vimelingana na kinachokuzuia ni rangi tu, mwambie muuzaji akukatie kipande cha futi moja cha kila mbao. Piga randa, paka nusu yake vanishi uliyopanga kuitumia, viache dirishani panapopigwa na jua kwa wiki mbili au tatu, ndipo ulipe mzigo mzima.